Redio upepo bila leseni: kuna madhara kweli au tunatishana tu?

SunguSungu_Kimara

Habari za jioni wanajamvi.

Kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa imenunua redio upepo (walkie-talkie, za kuongelea mkononi) nane Kariakoo, zile nyeusi fupi zisizo na kioo, chaneli 16, za masafa ya UHF. Muuzaji kasema "washa, ongea", leseni haitakiwi kwa sababu haziendi mbali. Ndani ya kamati maneno yamekuwa mawili. Wengine wanataka zigawiwe leo leo, wanasema kumbi za harusi, hoteli na maeneo ya ujenzi yamejaa redio za aina hiyo na hakuna anayeulizwa. Wengine wanasema zikae kwenye boksi kwanza.

Eneo ni kama kilomita moja na nusu kutoka ofisi ya serikali ya mtaa hadi kona ya mwisho, vilima na mabonde kama kawaida ya Kimara. Nauliza wenye ujuzi: leseni ina maana gani hasa kwenye jambo hili? Na kama ni lazima, tunaanzia wapi?

Kijana_wa_Jiji

Mkuu, gaweni redio mlinde mtaa. Wati mbili tatu zitamdhuru nani? Kama zingekuwa haramu zisingepangwa dukani mchana kweupe. Ulaya na Marekani watu wanazinunua supamaketi pamoja na mkate, wanawapa watoto wachezee, na hakuna leseni. Sisi ndio tunaogopa kila kitu.

FundiAntena

Kijana, hoja ya supamaketi inawapotosha wengi, ngoja tuifungue.

Ile redio ya dukani Ulaya inaitwa PMR446. Ina chaneli 16 tu, ya kwanza ni 446.00625 MHz, na zote zimo kati ya 446.0 na 446.2. Nguvu mwisho nusu wati, antena imegandishwa kwenye mwili wa redio, huitoi. Marekani ni FRS: chaneli 22 za 462 na 467 MHz, nyingine mwisho wati 2, nyingine nusu wati, na antena vilevile haitoki. Ukitaka kuzidi hapo unaingia GMRS, na hiyo ina leseni yake, dola 35 kwa miaka 10. Kwa hiyo hata huko hakuna uhuru wa jumla. Serikali zao zilitenga kipande kidogo, zikasema hapa tumieni wote na mvumiliane. Ndugu aliye Marekani akikutumia hizo za FRS, ruhusa ya kule haisafiri ndani ya mzigo. Masafa yale yale yakifika Dar yana mipango mingine kabisa.

Sasa redio ya Kariakoo haikufungwa kwenye kipande chochote. Hiyo ya chaneli 16 isiyo na kioo inashika popote kati ya 400 na 470 MHz. Yenye kioo na vitufe inashika 136 hadi 174, na tena 400 hadi 520. Ndani ya hapo kuna polisi, zimamoto, meli, reli, migodi, kampuni za ulinzi zilizolipia, setilaiti za hali ya hewa, na kipande kama 406.0 hadi 406.1 MHz ambacho dunia nzima imekubaliana ni cha vitoa-ishara vya uokoaji peke yake. Kile kifaa cha kwenye boti au ndege kinachoita setilaiti mtu akizama kinatuma kwa wati 5, mlio wa nusu sekunde hivi, kila baada ya sekunde 50 hivi. Mlinzi akiongea dakika nzima kwa wati 2 kwenye 406.05, amesimama mbele ya mlango huo.

Leseni si ya boksi. Leseni ni haki ya kutumia masafa fulani, mahali fulani, kwa nguvu fulani. Ni kama kiwanja: kununua matofali hakukupi kiwanja. Duka linauza matofali.

Kisheria haina utata. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kifungu cha 18, zinasema hakuna mtu binafsi wala kampuni itakayosimamisha au kuendesha kituo cha kurushia mawimbi bila leseni ya serikali ya nchi husika. "Kituo" hapo ni pamoja na redio ya mkononi. Hapa kwetu msimamizi ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kukiuka kuna faini, kifungo au vyote, na vifaa kuchukuliwa.

Mhenga_wa_Tabata

Swali la mtu asiye fundi. Si wanaweza kutafuta masafa yasiyo na mtu? Wasikilize siku nzima, wakiona kimya, wanatumia.

FundiAntena

Swali zuri mzee wangu, na ndipo wengi wanapoteleza. Ukimya kwenye redio yako haumaanishi kiwanja hakina mwenyewe. Sababu ni hizi.

Mfumo wenye mnara wa kurudishia mawimbi, yaani ripita, hutumia masafa mawili: moja la kupokea, jingine la kutoa. Redio za mkononi za wenyewe zinaita kwenye la kupokea, na wewe uliye chini bondeni huzisikii. Unachagua masafa hayo ukidhani ni matupu. Ukibonyeza tu, mnara ulio juu kilimani unakusikia vizuri kuliko mlinzi wao aliye nyuma ya ghorofa. Kama mnara hauna toni ya kufungulia, yaani mlio maalumu wa kuwatambua wenyewe, unarusha maongezi yako mkoa mzima. Kama una toni, haukurushi, lakini unamzima yule mlinzi wao wala hakuna anayejua kwa nini.

Pia redio za FM zina tabia ya mwenye nguvu kumeza mnyonge. Kwenye AM mkiongea wawili mnasikika wote kwa mchanganyiko. Kwenye FM, ishara yenye nguvu zaidi ikizidi nyingine kwa desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu) chache tu, ile nyonge inatoweka. Mtu aliyekuwa anaomba msaada umbali wa kilomita tano anafutika kwa sababu wewe uko mita mia mbili kutoka kwenye redio ya yule anayemsikiliza. Huwezi kujua umefanya hivyo.

Na kuna masafa yanayotumika kwa nadra, mara moja kwa wiki, au siku ya dharura tu. Hayo kimya chake ndiyo thamani yake.

Mhenga_wa_Tabata

Na zile namba za siri? Muuzaji huwa anasema ukiweka namba hakuna atakayewasikia wala hamtamgusa mtu.

FundiAntena

Hapana. Hiyo inaitwa toni, CTCSS, mlio wa chini kati ya 67.0 na 250.3 Hz unaopita chini ya sauti yako. Kazi yake ni kuziba spika yako mpaka ije ishara yenye toni ile ile. Mawimbi yako yanaenda hewani wazi kabisa, na yeyote mwenye redio isiyowekwa toni anasikia kila neno. Msitaje jina la nyumba iliyo tupu wala zamu inabadilishwa saa ngapi mkidhani mko faragha.

Tena toni ina hasara: inakuzuia kusikia kwamba chaneli ina mtu. Ndiyo maana lazima uwashe ule ulinzi wa chaneli yenye shughuli, BCL, ili redio ikatae kurusha kama kuna ishara tayari.

Jambo jingine. Redio za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na chaneli zilezile na toni zilezile. Ukumbi wa harusi, mjenzi wa ghorofa na walinzi wa mtaa wote wako chaneli ya kwanza. Jumamosi usiku mtasikia "leteni keki" katikati ya taarifa ya mwizi.

RF_Nyakato

Niongeze upande mmoja ambao fundi hajaugusa: kinachotoka pembeni.

Kila mtambo wa kurushia hutoa pia mawimbi ya mara mbili na mara tatu ya masafa uliyochagua. Redio iliyotengenezwa vizuri ina vichungi vinavyoyapunguza kwa desibeli 60 au zaidi. Ukirusha wati 5, ya mara mbili inabaki kama mikrowati 5, haina shida. Redio iliyobanwa gharama ikipunguza kwa desibeli 40 tu, inabaki nusu miliwati, yaani mara mia zaidi. Nusu miliwati inaonekana ndogo, lakini mpokeaji wa redio anafanya kazi na sehemu ndogo sana ya hiyo.

Chukua mfano wa VHF, yaani masafa yaliyo chini ya UHF. Mtu anachagua 166 MHz. Mara mbili yake ni 332 MHz. Kati ya 328.6 na 335.4 ndimo ilimo ile ishara ya mteremko inayoiongoza ndege kushuka kwenye njia ya kutua. Piga hesabu: kila masafa kati ya 164.3 na 167.7, mara mbili yake inaangukia humo humo. Mtu anayefanya kazi karibu na uzio wa uwanja wa ndege na redio mbovu kwenye masafa hayo hana njia ya kujua. Anayepanga masafa TCRA anajua, na ndiyo kazi yake. Anapokupa namba, ameshaangalia jirani zako, ripita zilizo karibu, na hizi mara mbili mara tatu.

Ndiyo sababu pia kuna uidhinishaji wa aina ya kifaa. Si urasimu wa muhuri. Modeli inapimwa: inatoa nini pembeni, inahama kiasi gani ikipata joto, upana wake ni upi.

Bandari_Tanga

Kwa wenzetu wa baharini jambo hili ni zito zaidi, naomba niliseme.

VHF ya bahari iko 156 hadi 162 MHz. Chaneli 16 ni 156.800, ya kuita na ya dharura kwa sauti. Chaneli 70 ni 156.525, ni ya ishara za kidijitali tu, haizungumzwi kabisa. 161.975 na 162.025 ni za AIS, ambako meli zinatangaza zilipo. Mtu akichukua redio ya bei nafuu akajipangia 156.5 na kitu, au karibu na 162, anaweza kukanyaga mojawapo ya hizi.

Na baharini leseni ina faida ya moja kwa moja. Redio ya boti ina kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikibonyeza na kukishikilia kinatuma kwenye chaneli 70 namba yako na mahali ulipo. Namba hiyo ni MMSI, tarakimu tisa, ya Tanzania huanza na 674 au 677, ya Kenya 634. Inapatikana kwa kuomba leseni ya redio ya chombo. Bila kuingizwa MMSI, kitufe chekundu hakitumi chochote. Boti inazama, nahodha anabonyeza, redio inadai namba. Ziko boti zinazotembea na redio nzuri kabisa zilizo katika hali hiyo.

Kwa dharura yenyewe, kanuni za ITU namba 4.9 ziko wazi: chombo kilicho hatarini kinaweza kutumia njia yoyote iliyopo kujulisha kilipo na kupata msaada. Mtu asife maji akiogopa leseni. Lakini hiyo ni ya aliye hatarini, si ya kuulizana bei ya kibua.

Redio ya Kariakoo isiyozuia maji ikiingia mawimbi mara moja imekwisha. Ya bahari tafuta iliyoandikwa IPX7, inavumilia mita moja ya maji kwa nusu saa.

Kijana_wa_Jiji

Nimewaelewa kuhusu ndege na meli, na sina ubishi hapo. Lakini huyu ni mtaa wa Kimara, redio nane, UHF. Nani atajua? TCRA wana nchi nzima ya kuangalia.

RF_Nyakato

Kwa kawaida hawakutafuti wewe. Wanatafuta chanzo cha malalamiko ya aliyelipia. Akilalamika, gari lenye antena ya kupimia mwelekeo linasimama sehemu ya kwanza, linachora mstari kwenye ramani, linahamia ya pili, linachora mwingine. Mistari inapokutana ndipo ulipo. Ukiwa unaongea kwa vipande vifupi inachukua muda. Ukiwa na kitufe kilichokwama, ni kazi ya asubuhi moja.

Na kitufe kukwama hutokea sana. Chanzo kikubwa ni kipaza sauti cha begani cha pini mbili ambacho hakikusukumwa mpaka mwisho: pini ikigusa nusu, redio inadhani umebonyeza. Kingine ni redio kukaliwa kwenye kiti cha pikipiki. Kingine ni VOX, ile ya kurusha yenyewe ikisikia sauti. Upepo, feni au jenereta vinatosha kuiwasha. Redio inarusha mpaka betri inaisha, na chaneli nzima imekufa. Wenye leseni wanajuana, wanapigiana simu, wanazima. Asiye na leseni hajulikani, kwa hiyo hakuna wa kumpigia.

Dereva_Kaskazini

Huku Arusha magari ya watalii yana VHF za gari, wati 25, antena juu ya paa, na kampuni makini zina leseni. Ninachotaka kusema ni kuhusu tamaa ya wati, maana wengi huvunja masharti ya leseni hapo.

Kuongeza nguvu mara nne, tuseme kutoka wati 1 kwenda 4, kunakuongezea desibeli 6 tu. Hiyo ni tofauti ya kusikika kwa mikwaruzo na kusikika kwa mikwaruzo kidogo. Kinachofanya kazi ni urefu wa antena kutoka ardhini. Kanuni ya upeo wa redio: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Watu wawili wenye redio mkononi, mita 1.5 kila mmoja: kilomita 10 kwenye ardhi tupu isiyo na kitu. Mmoja akipanda antena mita 10: kilomita 18. Mjini kata sana, majengo ya zege yanaweza kukuangusha hadi nusu kilomita, lakini uwiano ni ule ule.

Na mkifunga antena ya nje angalieni kebo. Kebo nyembamba ya RG-58, mita 20, kwenye UHF ya 450 inameza desibeli 7 hivi. Redio ya wati 25 inafikisha wati 5 juu. Mtu anaona haisikiki, ananunua kifaa cha kuongeza nguvu kisichoruhusiwa, wakati tatizo ni kebo.

NyaliKwetu

Salamu kutoka Mombasa. Huku ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na msingi ni huo huo: masafa hupangiwa, kifaa huidhinishwa. Wenye magari yanayovuka Namanga au Lunga Lunga wakumbuke leseni ya nchi moja haifanyi kazi upande wa pili. Masafa uliyopewa Arusha huenda Kenya yana mwenyewe. Ukivuka, zima redio mpaka uwe na kibali cha huku.

SunguSungu_Kimara

Nimeshiba. Nitawasomea kamati. Sasa naomba hatua, maana mkutano ni Jumapili. Na je, leseni ya redio ya ridhaa haiwezi kutusaidia? Mjumbe mmoja aliitaja.

FundiAntena

Redio ya ridhaa haiwahusu. Ile ni ya kujifunza na kufanya majaribio, mtu mmoja mmoja anapewa jina la hewani, kwa Tanzania huanza 5H. Haitumiki kwa kazi ya ulinzi wala biashara hata kama mwenye leseni ndiye anayeongea.

Hatua ni hizi, na mpangilio wake una maana.

Kwanza kabisa, modeli. Geuza redio, toa betri, soma jina la mtengenezaji na namba ya modeli kwenye lebo. Ulizeni TCRA kama modeli hiyo imeidhinishwa. Msianze na fomu. Kama haijaidhinishwa mtaomba leseni kwa vifaa visivyoandikika kwenye leseni, na fedha ya redio imepotea mara mbili. Hapo ni bora kurudi dukani mapema. Na muulizeni muuzaji kama ana leseni ya kuuza vifaa hivyo. Mwenye nayo haoni ugumu kuionyesha.

Pili, mwombaji ni nani. Kamati si jina la kisheria. Kaeni na mtendaji mjue kama maombi yatakwenda kwa jina la serikali ya mtaa, au kikundi kilichosajiliwa. Leseni inabeba jina, na jina hilo ndilo litakaloitwa kukitokea malalamiko.

Tatu, andaeni taarifa za kiufundi kabla ya kwenda. Idadi ya redio, nane. Modeli. Nguvu kwa wati. Zote za mkononi, hakuna ya mezani, hakuna ripita. Mahali: koordineti za ofisi ya serikali ya mtaa, na nusu-kipenyo cha eneo, andikeni kilomita 2. Urefu wa antena, mita 1.5. Aina ya matumizi: chaneli moja ya moja kwa moja, kupokea na kurusha masafa yale yale. Upana: 12.5 kHz. Mtaona herufi kama 11K0F3E kwenye karatasi. Hiyo ni FM ya sauti yenye upana wa kilohezi 11, ndiyo ya chaneli ya 12.5. Ya zamani ya 25 ni 16K0F3E, msiiombe. Chaneli moja nyembamba ya eneo dogo ni rahisi kutafutiwa nafasi Dar kuliko mbili pana za mkoa mzima. Kosa la kawaida ni kuomba makubwa "tusije tukapungukiwa".

Nne, pelekeni maombi. TCRA Makao Makuu wako Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Walio mikoani kuna ofisi za kanda Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, na Zanzibar pia. Malipo ni kwa kontroli namba, benki au simu. Mtu akitaka fedha mkononi "akuharakishie", ondokeni.

Msiprogramu chochote mpaka karatasi yenye masafa iko mkononi.

RF_Nyakato

Na siku masafa yakipatikana, hizo zisizo na kioo zinapangwa kwa kompyuta, waya wa pini mbili na programu ya bure ya CHIRP. Kama mna fundi mwenye leseni ya kufunga, mpeni yeye. Ila mjue anachofanya ili mumkague:

Redio iwe imezimwa wakati wa kuchomeka waya. Sukuma mpaka usikie umeshika. Plastiki ya redio nyingi huzuia milimita moja ya mwisho, na hiyo milimita ndiyo inayoleta ujumbe kwamba redio haijibu. Washa, pandisha sauti. Soma kwanza kilichomo ndani, na hifadhi faili hiyo kama ilivyo kwa jina la redio. Kisha futa chaneli za kiwandani zote. Zote. Hapa ndipo watu huacha 15 "za akiba", na siku moja mlinzi anageuza kitufe gizani anaibukia kwa mtu mwingine.

Chaneli ya kwanza weka masafa ya leseni, tarakimu zote mpaka ya mwisho. Aina chagua NFM, yaani FM nyembamba, si FM. Ukiacha FM unatanuka kwenye chaneli ya jirani, na wenzako wenye NFM wanakusikia kwa kukwaruza. Toni kama mlivyopangiwa. Nguvu anzeni na ya chini. Jaribuni kona hadi kona, na kama inafika, iacheni hapo. BCL washa. Kikomo cha kurusha weka sekunde 60, hiyo ndiyo dawa ya kitufe kilichokwama. VOX zima.

Andika kwenye redio zote nane, kisha jaribu kila moja na kila nyingine. Usijaribu mkiwa meza moja: redio mbili zikiwa karibu sana, ya pili inazidiwa na kusikika vibaya, mnadhani ni mbovu. Simameni mita 50.

Mama_Ulinzi

Ndugu zangu, hizi redio mpya zinazotumia laini ya simu hazina nafuu?

FundiAntena

Zina nafuu, dada. Hazina masafa yao, zinapita kwenye mtandao wa kampuni ya simu ambayo tayari ina leseni, kwa hiyo hamuombi masafa. Kifaa chenyewe bado kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa. Hasara: kila redio ina laini na bando lake, sauti inachelewa kidogo kabla ya kufika, na mtandao ukilala usiku wa mvua nanyi mnalala. Kimara mtandao upo, kwa hiyo zinafaa. Kwa walio porini Serengeti msizitegemee.

SunguSungu_Kimara

Kwa hiyo zamu ya kesho usiku tufanyeje? Redio zipo, leseni haipo.

FundiAntena

Zamu ya kesho ni simu na firimbi. Fungueni kundi la simu la walinzi nane na mtendaji, mwenye doria apige kila nusu saa, na mlio mmoja mrefu wa firimbi uwe "njooni wote".

Redio toeni betri ziwekwe pembeni, zisiachwe kwenye chaja zikiwa zimewashwa. Zikikaa wiki kadhaa zikiwa hazitumiki, betri za lithiamu ziachwe karibu nusu, si zimejaa wala zimeisha. Na andika namba ya kila redio kwa rangi ubavuni, moja hadi nane, pamoja na daftari la nani kachukua ipi. Nakala ya leseni ikija ibandikwe kwenye jalada la daftari hilo hilo, ili mlinzi akiulizwa usiku akiwa na redio namba 5, kuna mahali pa kumuonyesha aliyeuliza.